Mwamba wa Tororo na macho ya dereva

Anayetoka Mombasa na mzigo wa Kampala huanza kuutafuta Mwamba wa Tororo, ulio mashariki mwa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, akishaipita Bungoma. Elgon iko kuliani, kubwa mno hata hujui inaanzia wapi na inaishia wapi, na mara nyingi imejifunika mawingu. Mwamba hauna mambo hayo. Unajitokeza mbele peke yake katika nchi tambarare, na tangu unapouona mpaka unapopita chini yake huna haja ya kuuliza ni upi. Madereva wa Kenya, wa Rwanda, wa Kongo, wote wanaujua. Wengi wao hawajalala Tororo hata usiku mmoja, lakini ukiwaambia tukutane kwenye mwamba, hakuna atakayepotea.

Mimi nimezaliwa chini yake. Baba alikuwa mtu wa reli, Mpadhola. Mama ni Mteso wa ng'ambo, Amagoro, Kenya. Tulikaa landhi za reli, nyumba za wafanyakazi, na landhini lugha ilikuwa Kiswahili, kwa sababu mlango wa kwanza ulikuwa wa Mjaluo, wa pili wa Msamia, wa tatu wa Mnubi, na watoto hawana subira ya kujifunza lugha nne ili wagombanie mpira mmoja. Nilianza utingo kabla sijaota ndevu, kisha nikashika usukani, na mpaka leo kazi yangu ni barabara. Ninayoyaandika hapa niliyapata kwa kuutazama mwamba huu kutoka pande zote na kwa kuupanda. Nayaandika kwa sababu naona watu wetu wanaishi nao bila kuujua. Jina lake limewekwa kwenye shule, kwenye hoteli, kwenye maduka. Wageni wanatoka Ulaya, wanalipa, wanaupanda. Mtoto wa hapa hapa mjini anamaliza sekondari hajawahi kukanyaga kileleni. Hilo linaniuma.

Kilele kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Mji uko karibu mita 1,180, kwa hiyo hicho unachokiona kimesimama juu ya mabati ya nyumba ni kama mita 300. Ukiupima kwa Elgon, ambayo kilele chake cha Wagagai kinafika mita 4,321, unaweza kuudharau. Lakini Elgon, pamoja na ukubwa wake wote, haikuambii uko wapi. Nimeendesha kutwa nzima nikiwa nayo ubavuni na sura yake haikubadilika. Mwamba wa Tororo unabadilika kila barabara inapopinda. Kutoka njia ya Mbale una umbo lake, kutoka Malaba una jingine, kutoka upande wa Nagongera jingine tena. Mtu aliyeuzoea akitupia jicho mara moja anajua amesimama upande gani na amebakiza mwendo kiasi gani. Utingo wangu wa kwanza nilimfundisha hivyo kabla sijamfundisha kufunga turubali.

Bibi yangu mzaa mama hakusoma hata siku moja, lakini alijua jambo hili vizuri kuliko mimi. Tukiwa wadogo tulivuka mto Malaba kwenda kwake likizo, kwa miguu au kwa baiskeli. Alituambia: "Mwamba ukiwa mbele yenu, mnaenda kwa baba yenu. Ukiwa mgongoni, mnakuja kwangu." Basi. Hatukuhitaji zaidi. Katika maneno yake mpaka haukuwemo, na baadaye nilielewa kwa nini. Kabla ya 1902 himaya ya Uganda ilienea mashariki mpaka Naivasha. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wote wa mashariki wakautia upande ambao leo ni Kenya, na Wateso wakajikuta wana serikali mbili. Ndugu za mama walibaki kule, wengine wakabaki huku, na wote waliendelea kuutumia mwamba uleule kujua njia. Wanasiasa wa Tororo wamegombana miaka mingi juu ya nani ni mwenye mji, Wapadhola au Wateso. Mimi ni mtoto wa wote wawili na ugomvi huo siuingii. Ninachojua ni kwamba nyumbani kwa bibi mwamba ulionekana, na nyumbani kwa baba ulionekana.

Sasa niseme juu ya radi, maana hapa ndipo watu wanapoweza kupoteza maisha kwa kutojua.

Tororo ni mahali pa radi kwelikweli. Sisemi hivyo kwa kujivunia kwetu. Katika miaka 10, kuanzia 1967 mpaka 1976, walioweka hesabu za hali ya hewa walipata kwamba Tororo ilikuwa na wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, na ni mahali pachache sana duniani palipowahi kuandikiwa hesabu kama hiyo. Siku ya radi maana yake ni siku ambayo mtazamaji pale kituoni amesikia ngurumo, hata mara moja tu. Kwa hiyo kati ya siku tatu, mbili zilinguruma. Nililelewa katika mji ambao ngurumo ya saa tisa alasiri haikumshtua mtu. Mama aliondoa nguo kambani, akatuita ndani, akazima redio na kuchomoa waya wa eriali, na mambo yakaendelea.

Sababu unaiona mwenyewe ukisimama kileleni asubuhi. Kusini liko Ziwa Viktoria, mbali kidogo lakini si mbali kwa upepo. Kaskazini mashariki iko Elgon. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, na hewa yenye unyevu inavutwa kutoka ziwani kuja kwetu. Ikifika huku inapanda, kwa joto la ardhi na kwa kusukumwa na miinuko, na mawingu yanaanza kujijenga. Saa tatu ni vipande vyeupe tu. Saa sita vimeshikana na kuota vichwa. Saa nane chini pameshakuwa peusi. Halafu fikiria kuna jiwe la mita 300 limesimama peke yake katikati ya uwanda, na juu yake minara ya mawasiliano, na njia ya kulipanda ina ngazi za chuma.

Ndiyo maana kanuni yangu haina mjadala: tunaanza kupanda mapema asubuhi, na kabla ya saa sita kila mtu yuko chini. Ngurumo ikisikika, hata ya mbali, hata kama juu yetu jua linawaka, tunashuka. Kusubiri kuona kama mvua itatupitia pembeni hakuna, kwa kuwa radi haingoji mvua. Nimewahi kugeuka na kundi la watu wazima wakiwa wamebakiza ngazi ya mwisho. Walinuna njia nzima ya kushuka, na mmoja alinidai fedha zake. Nilimpa. Mnamo Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya kule Kiryandongo ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao, wakiwa darasani. Kama inafanya hivyo kwa watoto walioketi chini ya paa, sitamruhusu mtu kushika chuma kileleni kwa sababu ameshalipa.

Na barabarani elimu hiyohiyo imenisaidia. Nikiwa natoka Bugiri na kuona mwamba umepotea mbele ilhali ni alasiri, sihitaji kumpigia mtu simu. Mvua iko mjini, inakuja kwangu, na magurudumu ishirini na mbili kwenye lami iliyolowa ni kitu cha kupangia mapema. Napunguza mwendo, naongeza nafasi kati yangu na gari la mbele, nawasha taa. Ukiuona wote, mpaka minara, mvua bado haijafika mjini.

Kwa miaka mingi nilijua njia na hali ya hewa, ila jiwe lenyewe sikulijua. Tulikuwa tumecheza nalo, hiyo ni kweli. Tukiwa watoto tulivunja spika mbovu za redio tukatoa sumaku, tukaifunga kamba na kuiburuta kwenye mfereji baada ya mvua. Ilijaa mchanga mweusi, punje ndogo zinazong'aa, zimesimama juu ya sumaku na kuelekea kila upande. Ukizifuta kwa kidole zinaruka na kurudi palepale. Tulishindana nani atapata nyingi, tukazikusanya kwenye mikebe ya Kimbo. Hakuna mtu mzima aliyetuambia ni nini, na sisi hatukuuliza, kwa sababu tulidhani mchanga wa kila mahali duniani uko hivyo.

Jibu lilinijia nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Nilikodiwa kubeba mifuko ya sampuli kutoka Osukuru, vilima vya Sukulu, mwendo mfupi kusini mwa mji. Kulikuwa na kijana wa jiolojia, mwenyeji wa Lira, nyundo kiunoni na kichupa cha plastiki mfukoni. Jioni tulikaa mjini tukisubiri karatasi, mwamba uko mbele yetu, naye akaniuliza, "Mzee, lile ni jiwe gani?" Nikamwambia ni chokaa, kila mtu Tororo anajua, ndiyo maana kiwanda cha saruji kikajengwa hapa. Akasema ni sawa, lakini chokaa nyingi duniani hutokana na magamba na mifupa ya viumbe vya baharini, sasa bahari ya Tororo ilikuwa wapi?

Sikuwa na jibu. Akaokota kipande cha jiwe, akakigonga kupata uso mpya, akafungua kile kichupa. Ilikuwa asidi, imezimuliwa kwa maji. Akadondosha tone moja. Lilipogusa jiwe lilichemka. Povu jeupe lilitambaa kwenye mikwaruzo, na ukisogeza sikio ulisikia sauti nyembamba ya kuunguza. Povu lilipotulia niliona katikati ya weupe ule punje nyeusi ambazo asidi haikuzifanya kitu. Akatoa sumaku yake, ndogo, imefungwa kwenye kamba, akaipitisha karibu na jiwe. Sumaku ikavutika. Niliwatambua hapo hapo wale wachezaji wenzangu wa mferejini. Ni madini ya chuma, akasema, yanaitwa magnetaiti, na yamo ndani ya mwamba tangu ulipozaliwa. Mvua inausaga mwamba kidogo kidogo na kuwaletea watoto wa mjini.

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi. Hii chokaa haikutoka baharini. Ilipanda kutoka ndani ya ardhi, ikiwa imeyeyuka kwa joto, kupitia koo la volkeno. Jiwe la namna hiyo wanaliita kabonataiti, na ni adimu. Volkeno iliyo hai ya aina hii duniani ni moja tu, Ol Doinyo Lengai kule Tanzania. Juu yetu hapa zamani palikuwa na mlima mzima, majivu na mawe yaliyorushwa, na mvua ya mamilioni ya miaka imeuondoa wote. Karibu nasi walikuwa wazee wamezunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Akaniuliza kama nimewahi kuona machicha yamekaukia ndani ya mrija. Nimeona. "Sasa mrija ukioza na chungu kikavunjika, kinachobaki kimesimama ni yale machicha. Mwamba wenu ni machicha ya mrija."

Tangu jioni hiyo siuoni mwamba kama kitu kilichoota kutoka chini. Naona kilichobaki baada ya mengine yote kuondoka. Na nikitazama uwanda wa Tororo, Butaleja, Busia, najua kwamba nakanyaga sakafu ya kitu kilichokuwa juu zaidi. Hilo limebadilisha namna ninavyoendesha nchi hii. Natoka Moroto na mzigo, Mlima Moroto nyuma yangu, mita 3,083. Napita Nakapiripirit chini ya Kadam, mita 3,063. Nashuka Muyembe, Elgon inaanza kushoto na kunisindikiza mpaka Mbale. Namaliza Tororo kwa mwamba. Zamani ilikuwa ni milima minne njiani. Sasa najua yote ni kazi ya volkeno zilizowaka zamani mashariki ya Uganda, kila moja kwa zamu yake, na mvua imefanya kazi juu ya kila mmoja.

Huko Moroto nilikuwa nafuata nini? Mawe. Hapa nataka kusema wazi, kwa sababu lina uchungu kidogo. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu chokaa ilikuwa hapa hapa, ukingoni mwa mji. Baruti zililipuka, vumbi likatua kwenye mabati, wanaume wakapata kazi, nchi ikapata saruji. Leo malori yanatoka Karamoja, kutoka machimbo yaliyo chini ya Mlima Moroto, yakiwa yamejaa marumaru ya kusagwa Tororo. Nimepanga foleni kule machimboni na kuona akina mama wameketi juani na nyundo, wanavunja mawe kwa mkono, mtoto mgongoni, ili lori lijae. Jiwe linasafiri siku nzima kuja kwenye mji uliojengewa kiwanda kwa kuwa na jiwe lake. Sukulu nako, ambako udongo una fosfati ya kutengenezea mbolea, watu wamehamishwa kwenye mashamba ya babu zao kupisha machimbo. Sikatai viwanda; watoto wangu wamesoma kwa mizigo hiyo. Lakini kilima kinaisha. Tuliozaliwa Tororo tumeona kwa macho yetu vilima vidogo vilivyouzunguka mwamba vikipungua, na mtu akiniambia jiwe ni mali isiyokwisha nampeleka akaone mashimo.

Mwaka 2020 mwamba nilikaa nao kwa namna nyingine. Korona ilipoingia, sisi madereva ndio tuliogeuzwa ugonjwa wenyewe. Kila aliyefika Malaba alipimwa na kungoja majibu, na malori yakapangana kurudi nyuma kilomita nyingi ndani ya Kenya, kuelekea Bungoma. Nilikuwa kwenye foleni hiyo. Maji tulinunua, kujisaidia tuliingia mashambani kwa watu, na wenyeji walituogopa. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia chai kwa miaka alitusogezea kikombe kwa fimbo. Simlaumu. Kutoka nilipoegesha, mwamba ulionekana wote, na nyumba yangu iko chini yake. Ningeshuka garini na kutembea, ningefika kabla ya usiku. Simu ilikuwa na salio, mke wangu alikuwa akisimama uani na kuniambia wingu limefika wapi juu ya minara, nami nikimwambia naliona. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, wingu na minara, kwa sababu mengine tuliogopa kuyasema. Nilimzika rafiki mwaka huo bila kuhudhuria. Sitaki kurefusha hapo.

Baada ya kufunguliwa nikaanza kupanda na watoto. Wa kwanza walikuwa wangu na wa jirani, wakaja wa madereva wenzangu, sasa kila likizo kuna kundi. Tunalipia pale chini, tunachukua kiongozi, tunapita kwenye vichaka mpaka jiwe linapoanza kuwa tupu, halafu ngazi. Wadogo wanaogopa ngazi ya kwanza tu. Nimegundua kwamba anayeogopa hapaswi kuambiwa usiogope. Mwambie ashike chuma kwa mikono miwili, atazame jiwe lililo mbele ya pua yake, ahesabu vidato kwa sauti. Akifika ishirini ameshasahau.

Juu, siwaachi wapige picha kwanza. Nawauliza. Kenya iko wapi? Wengi wanaonyesha kaskazini kwa sababu ndiko iliko Elgon, na kwenye vitabu vyao Elgon iko mpakani. Nawageuza mashariki wayaone malori ya Malaba, yamejipanga, madogo. Reli je? Wanaitafuta. Nawaonyesha inavyoingia kutoka Malaba, kisha inavyogawanyika: moja inaenda Jinja na Kampala, ambako ilifika 1931, nyingine inapanda Mbale, Soroti, Lira, Gulu. Babu yenu alikuwa akigeuza njia pale, nawaambia wangu. Wanatazama kwa bidii, ingawa kwa kimo kile mtu haonekani. Magharibi kuna ukijani wa namna nyingine, ni mabonde ya mpunga ya Butaleja, maji yanayotoka Elgon kwa mto Manafwa na kupita huko. Mtoto anayekula wali wa Doho, mashamba ya mpunga ya huko Butaleja, kila Krismasi anaona kwa mara ya kwanza kwamba wali huo ni mvua ya mlimani.

Halafu nawarudisha kwenye Elgon kama haijafunikwa. Naanza na Bududa, wilaya iliyo kwenye miteremko yake. Machi 1, 2010, kijiji cha Nametsi kilizikwa na matope kwa usiku mmoja, na tangu hapo maporomoko yamerudi tena na tena. Kwa nini mlima ule unateremka na huu umesimama? Wanajibu kwamba ule ni mrefu. Sio hivyo. Ule una udongo mzito uliotokana na volkeno, laini, wenye rutuba, ndiyo maana watu wamejazana juu yake kulima kahawa na ndizi hata kwenye miteremko mikali, miti ikakatwa, na mvua ikishiba ndani ya udongo ule unaachia. Huu hauna udongo wa kuachia. Rutuba ile ndiyo hatari ile. Mtoto wa miaka kumi analielewa hili akiwa amekaa juu ya jiwe tupu na anaona mlima wa kijani mbele yake, na mimi nimewasikia wakubwa wakilibishania redioni kwa saa nzima bila kulifikia.

Msichana mmoja wa Malaba aliniuliza swali ambalo kijana wa jiolojia ningempigia simu kama ningekuwa na namba yake: kama mvua imeuondoa mlima mzima, mwamba nao utaondoka lini? Nikamwambia hautakuwa katika siku zangu wala zake. Akasema, lakini ile minara ilipandaje, walichimba? Nikamwonyesha misingi. Akasema basi watu wana haraka kuliko mvua. Huyo nimemwomba mama yake asiache kumleta tena, na likizo iliyofuata alikuja na sumaku.

Likizo ya Agosti tunapanda Jumamosi ya kwanza. Tunakutana chini saa moja asubuhi, tunaanza saa moja na nusu, na atakayechelewa atangoja Desemba. Mtoto avae viatu vya kufunga, si ndala, abebe maji na mkate, na awe na kofia. Ada ya kupanda kila mzazi alete ya mtoto wake. Asiye nayo aniambie mapema, madereva wana mfuko kidogo. Wazazi wanakaribishwa kupanda nasi, hasa wale waliozaliwa hapa na hawajawahi. Kukinguruma tunashuka, na hakuna kurudishiwa.